Kupanda vanila: mwongozo kwa anayeanza

Maswali kuhusu vanila hayabadiliki. Mbegu zinauzwa wapi? Naweza kuipanda Dodoma? Mbona yangu ina mwaka wa nne na haijatoa hata ua moja? Maua yalitoka mengi, mbona yote yamedondoka? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza ajue anaingia kwenye nini.

Kabla hujatoa hata shilingi, fahamu hili: utasubiri karibu miaka mitatu kupata ua, miezi tisa kupata tunda lililokomaa, na miezi mingine mitano au sita kulifanya tunda hilo linukie. Katikati ya hapo kuna wiki chache za maua ambazo hutakiwi kukosekana shambani hata asubuhi moja. Kama unaishi Dar es Salaam, shamba liko Muleba, na huna mtu wa kudumu pale, panda kitu kingine.

Vanila ni mmea gani

Vanila ya biashara, *Vanilla planifolia*, ni okidi inayotambaa juu ya miti. Kwao ni misitu yenye joto na unyevu ya Meksiko na Amerika ya Kati. Leo Madagaska ndiyo inayoongoza kwa mbali duniani. Kwetu utaikuta Kagera katikati ya migomba na kahawa, Muheza na milima ya Usambara, Morogoro, na kwenye mashamba ya viungo ya Unguja. Uganda wanalima nyingi zaidi yetu, hasa Mukono na Bundibugyo, na Wakongo wa Beni na Butembo nao wamo. Komoro ni wakongwe wa zao hili.

Pwani yetu ina ndugu yake wa porini, *Vanilla roscheri*, anayetambaa vichakani bila majani na kutoa maua makubwa yanayonukia. Watu huchimba huyo wakidhani wamepata mbegu ya bure. Mwache alipo. Matunda yake si ya soko, na amepungua kwa sababu ya kufyekwa vichaka.

Matumizi unayajua: aiskrimu, keki, chokoleti, manukato. Ile chupa ndogo ya bei rahisi dukani kwa kawaida ni vanilini ya kiwandani, haijawahi kukutana na okidi.

Eneo linalofaa

Joto la nyuzi 20 hadi 30. Mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka au zaidi, iliyogawanyika vizuri. Kisha kiangazi kifupi, kama miezi miwili hivi, kwa sababu bila ukavu kidogo vanila inaota majani tu na kusahau maua. Udongo uwe mweusi wenye mboji na usiotuamisha maji. Kwenye mfinyanzi unaoshika maji usihangaike.

Kuhusu Dodoma: hewa ni kavu mno na kiangazi ni kirefu mno. Unaweza kuotesha mashina machache nyumbani chini ya neti ya kivuli ukiwa na maji ya uhakika, kwa kujifurahisha. Kwa biashara, sikushauri. Nyanda za juu zenye usiku wa baridi kali nazo zitakuchelewesha sana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Marando yenye afya kutoka kwa mkulima unayeweza kwenda kuliona shamba lake. Mbegu za vanila hazipandwi na mkulima. Ni vumbi jeusi lisiloota kwa njia za kawaida. Anayekuuzia "mbegu za vanila kwa pakiti" anakuibia.
- Miti ya egemeo: mbono kaburi, gilirisidia au lusina.
- Matandazo mengi: majani makavu ya migomba, nyasi zilizooza nusu, maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza.
- Kamba za mgomba za kufungia. Usitumie waya wala nailoni, zinakata shina.
- Kisu kikali na spiriti ya kukisafishia.
- Glavu. Utomvu wa vanila unawasha ngozi, na kuna watu wanavimba kabisa.
- Vijiti vyembamba vya mwanzi, au miiba ya mlimau, kwa ajili ya uchavushaji.
- Ukitaka kukausha mwenyewe: kipimajoto, mablanketi ya sufu ya rangi nyeusi, sanduku la mbao lenye mfuniko, na chanja.

Hatua kwa hatua

1. Panda miti ya egemeo kwanza. Ianze miezi sita hadi mwaka mmoja kabla ya vanila. Acha mita 2.5 kati ya mstari na mstari, na mita 1.5 hadi 2 kati ya mti na mti. Ekari moja itabeba mashina kama 800 hadi 1,000. Kwa anayeanza, mashina 50 yanatosha kabisa. Nasema hivi kwa sababu kila shina utalishika kwa mkono wako, ua kwa ua.

Kata ncha ya mti wa egemeo ukifika urefu wa kichwa chako ili utoe matawi ya pembeni. Hayo ndiyo yatakayobeba marando. Wengi hufunga vanila kwenye mgomba kwa sababu upo tayari kibanjani. Mgomba ni mzuri kwa kivuli, lakini ukishazaa unakatwa, na vanila yako inakwenda nao.

Kivuli kipime saa sita mchana: tazama chini. Ukiona mabaka ya jua na ya kivuli yanakaribiana, basi umepatia. Kivuli tupu, pogoa. Jua tupu, ongeza migomba au subiri miti ikue.

2. Andaa marando. Rando zuri lina urefu wa mita moja au zaidi, lina pingili nane hadi kumi na mbili, ni nene, na halijawahi kutoa maua. Fupi la sentimita 30 litaota pia, ila litakuchelewesha mwaka mzima au zaidi. Ondoa majani ya vifundo vitatu au vinne vya chini, kisha litundike au lilaze kivulini, penye hewa, kwa wiki moja hadi mbili. Litanyauka kidogo na jeraha litafunga. Usiogope kuliona limelegea. Rando lililokatwa asubuhi na kupandwa mchana huoza kirahisi.

3. Panda mvua zinapoanza. Kwa Kagera ni Machi au Septemba mwishoni. Usichimbe shimo. Parua udongo juu juu, laza ile sehemu isiyo na majani kwenye mfereji wa kina cha sentimita mbili au tatu, ifunike kwa udongo mwepesi na matandazo. Ncha iliyokatwa iache nje, isiguse udongo, maana kuoza huanzia hapo. Sehemu iliyobaki ifunge kwenye mti kwa kamba ya mgomba, isibane.

Ndani ya wiki nne hadi nane utaona chipukizi. Kama shina lenyewe ni gumu na kijani, vumilia hata likichelewa.

4. Weka jembe mbali. Mizizi ya vanila inaishi juu, ndani ya matandazo. Palizi ya jembe karibu na shina inaua mmea polepole, na mwenye shamba atalaumu ugonjwa. Ng'oa magugu kwa mkono. Ongeza matandazo kila msimu, yasirundikwe kwenye shina lenyewe. Na kuku: kuku watano wanaweza kuparua matandazo ya mwaka mzima kwa asubuhi moja. Zungushia uzio.

5. Kunja marando yarudi chini. Vanila ukiiachia itapanda hadi kileleni, na maua yatatoka huko usikofika. Rando likifikia kimo cha mkono wako, lipitishe juu ya tawi kwa upole na ulielekeze chini. Likigusa ardhi, funika kifundo kimoja au viwili kwa matandazo litoe mizizi mipya, kisha ncha uipandishe tena. Kukunja huku ndiko kunakoamsha maua. Fanya kazi hii mchana, mmea ukiwa umelegea kidogo. Asubuhi na mapema shina limejaa maji na huvunjika kwa urahisi.

6. Amsha maua. Mwaka wa tatu, kiangazi kinapoingia, wiki sita hadi nane kabla ya wakati wa maua, kata ncha za marando yaliyoning'inia, sentimita 10 hadi 15. Pogoa miti ya egemeo kidogo mwanga uingie. Usimwagilie, isipokuwa mmea ukionekana kuteseka kweli. Sehemu zenye misimu miwili ya mvua, kama Kagera na Uganda, zinaweza kupata maua mara mbili kwa mwaka.

7. Chavusha kwa mkono. Hapa ndipo wengi hupotezea zao, kwa hiyo soma taratibu.

Ua la vanila halijichavushi. Kati ya chavua na stigma (sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua) kuna kiulimi chembamba kinachozuia, na nyuki wanaolijua ua hili wako huko kwao Meksiko. Ndiyo maana vanila iliyopelekwa nchi nyingine ilikaa miaka mingi ikitoa maua matupu. Njia tunayotumia leo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12. Alitumia kijiti na dole gumba tu. Mashamba yote ya Madagaska, Komoro, Uganda na kwetu yanasimama juu ya mikono ya mtoto yule, na haki ni kumtaja.

Ua hufunguka alfajiri na kufikia mchana limeshaanza kunyauka. Halifunguki tena. Fanya kazi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa tano. Kila kichala hufungua ua moja, mara nyingine mawili, kwa siku, hivyo utarudi kwenye shina lile lile kila asubuhi kwa wiki kadhaa.

a) Shika ua kwa mkono wa kushoto, vidole vikilibeba kwa nyuma, dole gumba likiwa huru mbele.

b) Katikati ya ua kuna petali moja iliyojikunja kama bomba. Ichane kwa kijiti kutoka juu kwenda chini, uikunjue mpaka uione nguzo nyeupe iliyo ndani.

c) Juu ya nguzo pana kijikofia chenye chavua ya njano. Chini yake kuna kiulimi. Ingiza ncha ya kijiti chini ya kiulimi, ukiinue na kukirudisha juu. Sasa chavua na stigma vinatazamana bila kizuizi.

d) Kwa dole gumba, bonyeza chavua taratibu ishuke iguse stigma inayonata. Chomoa kijiti huku dole bado limebonyeza. Tazama: njano inatakiwa ibaki imenata chini.

Ukizoea, ua moja ni sekunde chache tu, na mtu mzoefu hupita maua 1,000 na zaidi kwa asubuhi moja. Siku za mwanzo utavunja baadhi. Jifunzie kwenye maua ya juu ya kichala, ambayo matunda yake hukua yamepinda.

Kesho yake, gusa. Ua lililoshika hunyauka lakini hubaki limeng'ang'ania kwenye ncha ya tunda. Lisiloshika hudondoka lenyewe.

8. Usilibebeshe shina mzigo. Chavusha maua manane hadi kumi kwa kichala, upande wa chini, ili matunda yaning'inie yamenyooka. Yakishashika, kata matumba yaliyobaki. Shina changa linalozaa mara ya kwanza lipewe vichala vichache. Ukichavusha kila ua kwa tamaa utavuna matunda membamba yasiyo na bei, na mwaka unaofuata shina litapumzika au litakufa.

9. Vuna kwa wakati wake. Tunda hufikia urefu wake kamili ndani ya miezi miwili tu. Wageni hudanganyika hapo. Ndani bado ni tupu. Vitu vinavyokuja kuwa harufu hujengwa miezi ya mwisho. Subiri miezi tisa tangu uchavushaji, mpaka ncha ya chini ianze kuwa ya njano, na chuma moja moja, ukirudi kila baada ya siku mbili au tatu. Ukichelewa, tunda hupasuka na bei hushuka.

Wizi ndio unaosukuma watu kuvuna mabichi. Uganda serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna ili kupunguza tatizo hilo. Madagaska wakulima hutoboa alama zao kwenye tunda likiwa changa, kwa pini, na kovu hubaki hadi linapokauka. Njia hiyo ya pini inafanya kazi hata kwetu, na ni rahisi.

10. Kausha, au uza mabichi. Kwa msimu wa kwanza, kama kuna mnunuzi wa kuaminika karibu, uza mabichi. Ukitaka kujifunza kukausha, anza na kilo chache.

Panga matunda kwa urefu. Yaliyopasuka yaweke kando. Chemsha maji, yaache yashuke hadi nyuzi 63 hadi 65 kwa kipimajoto, usikisie kwa kidole. Zamisha matunda kwenye kikapu kwa dakika tatu, madogo dakika mbili. Chuja upesi, yafunge yangali ya moto ndani ya blanketi la sufu, weka sandukuni na ufunike. Baada ya siku moja au mbili fungua: yawe yamegeuka rangi ya kahawia ya kung'aa. Lililobaki kijani halikupata joto, lirudishe majini.

Kisha, kwa wiki moja hadi mbili, yaanike juu ya blanketi kwenye chanja kwa saa mbili au tatu za jua la mchana, halafu yafunge yakiwa na joto na kuyarudisha sandukuni hadi kesho. Kila siku yapitishe mkononi moja moja, ukiyanyoosha kwa vidole. Lenye ukungu litoe mara moja. Yakishalainika na kujikunjakunja, yahamishie kwenye chanja kivulini, penye hewa, kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Lililo tayari ni jeusi, lina mng'ao wa mafuta, na unaweza kulizungusha kidoleni bila kuvunjika.

Mwisho yafunge mafungu, uyaweke kwenye sanduku lililotandikwa karatasi ya nta kwa miezi miwili au mitatu. Harufu hutulia humo. Kagua kila wiki. Kilo tano au sita za mabichi hukupa kilo moja ya makavu.

Mambo yakienda kombo

*Majani ya njano, yenye mabaka ya kuungua.* Jua limezidi. Ongeza kivuli.

*Shina refu, jembamba, kijani kibichi, halitoi maua.* Kivuli kimezidi, au hukukunja marando, au hakuna ukavu. Rudi hatua ya 5 na ya 6. Hili ndilo jibu la yule wa mwaka wa nne.

*Mizizi ya kahawia inayooza, shina linasinyaa kuanzia chini.* Hii ni kuvu ya *Fusarium*, adui mkubwa wa vanila duniani, na haina dawa ya kuponya. Kata sehemu ya juu iliyo nzima kabisa na uipande mbali. Iliyooza choma moto, usiitupe kwenye mboji. Safisha kisu kwa spiriti kati ya shina na shina. Fungua mitaro maji yasituame.

*Majani yenye mabaka meusi yaliyobonyea, mvua zikiwa nyingi.* Hewa haipiti. Pogoa, punguza msongamano, ondoa majani yaliyougua.

*Chipukizi zimeliwa usiku.* Konokono. Waokote kwa tochi jioni na mapema asubuhi.

*Maua yote yalidondoka.* Ulichavusha mchana, au kiulimi hukukiinua, au mvua ilipiga asubuhi hiyo. Kama matunda machanga ndiyo yanadondoka baada ya wiki kadhaa, mzigo ulizidi au ukame umebana.

*Matunda makavu hayanukii.* Yalivunwa machanga. Hayatengenezeki.

*Ukungu mweupe kwenye sanduku.* Yalifungwa yakiwa na maji. Futa yaliyoguswa kidogo kwa kitambaa chenye pombe kali, yaanike upya. Yaliyopenya ukungu yatupe, yasije yakaharibu fungu zima.

Kuhusu bei na mikataba

Mwaka 2018 kilo moja ya vanila kavu ilipita dola 500 kwenye soko la dunia. Imeshuka sana tangu hapo, na huko nyuma pia ilipanda na kuporomoka vivyo hivyo. Kwa hiyo usipige hesabu kwa bei ya juu uliyowahi kuisikia. Acha kahawa na migomba viendelee kulisha nyumba. Vanila iwe ya ziada. Ukiletewa mkataba wa kulipia mashina ndani ya banda la neti, umeahidiwa faida ya uhakika na huhitaji hata kufika shambani, uliza maswali matatu: nani atachavusha, matunda yatakaushwa wapi, na mnunuzi ni nani kwa jina. Bila majibu, usitoe hela.

Na matunda makavu machache yaweke nyumbani. Pasua mawili kwa urefu, yafukie kwenye nusu kilo ya sukari, funga chupa vizuri, tikisa kila baada ya siku kadhaa. Baada ya wiki mbili sukari hiyo iko tayari kwa chai ya maziwa na maandazi.